Vidonge Nilivyoona Aibu Kuvimeza

Makere, Jumapili jioni

Renatha mwanangu,

Ukiifungua barua hii nadhani basi litakuwa limeshaiacha Kibondo, mnaitafuta Nyakanazi kwa vumbi lile lile la siku zote. Nimeiweka kwenye mfuko wa ndani wa koti kwa sababu najua hutalivaa mpaka baridi ya asubuhi ikubane garini. Ningeweza kukwambia haya kwa mdomo. Nimejaribu tangu juzi, na kila nikitaka kuanza anaingia mtu mwingine kukuaga.

Mambo ya pasipoti, soksi, kuficha fedha na kutokula ovyo njiani mama yako ameshakumalizia, na kwa kweli sina la kuongeza. Mimi nina jambo moja tu, nalo inabidi nilianzie mbali.

Juzi mezani ulikuwa unatusimulia maneno ya daktari aliyekupima kwa ajili ya viza. Ulisema amekueleza kwamba ukikaa China miaka kadhaa kisha ukaja kututembelea, itabidi umeze dawa za kuzuia malaria kama wageni wanavyofanya. Kaka yako akacheka. Nawe ukacheka, ukasema, "Mimi ni Muha wa Makere bwana, mbu wa hapa wananijua kwa jina." Nyumba nzima ikacheka, hata mama yako. Mimi nikatoka nje, nikajifanya nakwenda kuangalia mbuzi.

Hukunikosea kitu. Ila maneno hayo niliwahi kuyasema mimi, karibu hivyo hivyo, nikiwa kijana kama wewe. Yalinigharimu chuo. Na yupo mtu aliyelipia kuliko mimi.

Unajua nilisoma Poland, na unajua sikumaliza. Mlipokuwa wadogo mkiniuliza, nilikuwa nasema niliugua, basi. Umewahi pia kuniuliza kwa nini sisi watu wa Heru Juu tumejenga Makere, na kwa nini Bibi Leokadia anaishi kwetu wakati yeye ni shangazi yangu na kule nyumbani ana ndugu wengi. Nilikujibu kwamba alipenda hewa ya huku, ukaniangalia kwa jicho la mtu asiyedanganyika, ukaenda zako kuteka maji. Hayo yote jibu lake ni moja.

Nilipelekwa Poland kusomea mashine za kilimo. Nilikaa huko miaka mitatu bila kuona nyumbani. Nilizoea theluji, nikazoea viazi, nikazoea kulala bila chandarua wala moshi, na sikuumwa hata siku moja isipokuwa mafua. Mwaka wa nne nikapata tiketi ya kuja likizo ya majira ya baridi, ambayo kwetu ni wakati wa mvua. Kabla ya kuondoka, muuguzi wa kliniki ya chuo, mama mmoja wa makamo, akaniita akanipa pakiti ya vidonge. Akanieleza kwamba nianze kabla ya safari, niendelee muda wote nitakaokuwa nyumbani, na nikirudi nimeze tena wiki kadhaa hata nikijiona mzima. Nikamwambia mimi nilizaliwa huko, malaria nimeugua tangu nanyonya. Akanijibu kwamba kuzaliwa huko ni sawa, lakini sasa ninaishi hapa. Nilimwona hajui lolote kuhusu Afrika. Nikameza cha kwanza mbele yake ili aniache niende.

Nilifika Heru Juu kwenye mvua, nimepanda lori kutoka Kigoma. Siwezi kukueleza furaha ya siku ile. Mama yangu, bibi yako, alinishika mikono akawa ananigeuza kama mtu anayekagua nguo mnadani. Watu walijaa. Siku iliyofuata tukakaa kula, mimi na mama, baba yangu mkubwa Yusto, na binamu zangu. Nikakumbuka kwamba ni siku ya dawa, nikaitoa mfukoni.

Binamu mmoja akauliza ni dawa ya nini. Nikasema ya malaria. Akauliza kama naumwa. Nikasema hapana, ni ya kuzuia. Unaweza kukisia kicheko kilichofuata. Mmoja akasema nimeshakuwa mzungu, mwingine akauliza kama na maji ya kisima chetu nitayachuja kwa kitambaa. Hayo niliyaweza. Niliyoshindwa ni ya mama. Yeye hakucheka. Aliangalia ile pakiti, akaniangalia mimi, akasema taratibu, "Nyumba yangu ina ugonjwa gani ambao hukuzaliwa nao?"

Nikaona aibu, Renatha. Nikaona kama nimekuja kwa mama yangu nimevaa glavu. Nikairudisha pakiti kwenye begi, nikasema kwa sauti ili wote wasikie kwamba mbu wa Heru Juu ni ndugu zangu. Wakafurahi. Mama akaniongezea mboga. Sikuigusa tena pakiti ile.

Nyumba ya shangazi Leokadia ilikuwa hatua chache kutoka kwetu. Alikuwa mjane, hakubahatika kupata mtoto, na mimi ndiye niliyekuwa mtoto wake, maana mama alipougua sana baada ya kunizaa yeye ndiye aliyenibeba mgongoni. Basi naye akanialika. Akanipikia ugali wa muhogo na kisamvu, ile isombe yake iliyotwangwa ikalainika, na mgebuka, samaki wa ziwani, aliouagiza kwa watu wanaoshuka Kigoma. Nilipokuwa nakula, binamu zangu wakiwa mlangoni, aliniambia nile nimalize, maana hajui kama nikirudi tena nitamkuta. Ni maneno ambayo mtu mzima yeyote husema kwa mtoto anayeishi mbali. Hata wewe jana umeambiwa hivyo hivyo na majirani.

Siku chache kabla ya safari ya kurudi nikaanza kutetemeka. Nilijua ni malaria, nikaichukulia kawaida, nikamwambia mama nitalala kidogo itapita, kama zilivyokuwa zinapita zamani. Jioni nilikuwa naongea Kipolandi. Kesho yake nilikuwa siongei chochote. Ilikuwa imepanda kichwani. Walinibeba kwa machela kwenye matope mpaka hospitali mjini Kasulu, wakipokezana, na njia ile siikumbuki hata kidogo. Ninachokumbuka ni kuamka na kuona dripu, na masikio yangu yakivuma kama mashine ya kusaga kwa sababu ya kwinini. Nilijaribu kukaa, nikashindwa kama mtoto asiye na shingo.

Daktari aliyekuwa ananitibu alikuwa mtu wa Tanga, amehamishiwa huku na serikali. Nilipopata nguvu kidogo nikamuuliza imekuwaje, mbona malaria ya utotoni haikunifanya hivi. Akavuta kiti. Akaniambia mwili ulikuwa unapambana na ugonjwa ule kila msimu, kwa hiyo ulikuwa umezoea, na hata ukiugua ulikuwa unajua pa kuushika. Nimeupumzisha miaka mitatu na zaidi, umesahau. Mbele ya mbu, mimi na mzungu aliyeshuka jana kwenye ndege tulikuwa karibu sawa. Kisha akaniuliza kama huko nilikotoka hawakunipa dawa. Nikamwambia walinipa. Hakunisuta. Alitikisa kichwa, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Sasa nisikilize vizuri, maana mpaka hapa ni habari yangu mimi na ujinga wangu, na kama ingeishia hapa ningekusimulia zamani kwa kicheko.

Waliponirudisha nyumbani nilikuwa bado natembelea fimbo. Watu wakaja kunipa pole. Nikaangalia mlangoni, nikaangalia tena, nikamuuliza mama shangazi yuko wapi, mbona hajaja. Mama akaendelea kuchambua maharage. Nikauliza mara ya pili. Akasema, "Amekwenda kwa watu wa mumewe." Nikajikokota mpaka nje. Nyumba ya shangazi ilikuwa haina paa. Nyasi zilikuwa zimeshushwa, zimetupwa uani, na mvua ilikuwa inanyesha ndani ya nyumba, juu ya mafiga.

Nilipokuwa nimelala sijitambui, baba mkubwa Yusto alikuwa amemwita mganga. Mganga akasema nimelishwa kitu, na aliyenilisha ni mwanamke wa karibu. Binamu wakakumbuka ile isombe. Wakakumbuka na yale maneno, kwamba hajui kama nitamkuta, wakayageuza wakayapa maana waliyoitaka. Walimpa nafasi ya kuchukua nguo na sufuria moja, akaondoka kwa miguu. Mama yangu alikuwapo. Hakumtetea, kwa sababu mtoto wake alikuwa anakufa na mtu fulani alikuwa amempa sababu.

Nikataka ndugu waitwe. Walikuja, wakakaa, wakidhani nataka kushukuru. Nikatoa ile pakiti ya vidonge kwenye begi, imekatwa kimoja tu, nikaiweka katikati yao. Nikasema, "Hakuna aliyeniloga. Nilipewa dawa nikaona aibu kuimeza mbele yenu. Kilichoniangusha ni hicho."

Baba mkubwa akasema kwamba malaria inaua watoto wachanga, haimwangushi mwanamume mzima aliyekulia hapa, na kwamba aliyelishwa ndiye wa mwisho kujua amelishwa nini. Hapo nikaharibu, mwanangu. Niliwatukana. Niliwaita washenzi, nikawaambia wamekaa porini hawajui dunia, nikazungumza kama mtu wa Poland anayewahutubia watu wa Heru Juu. Wakanyanyuka mmoja mmoja. Nilikuwa na ukweli wote mkononi, na nikautumia kuwapiga nao, kwa hiyo hakuna aliyetaka kuupokea. Jambo hilo limenisumbua kuliko hata chuo. Laiti ningewaeleza kama yule daktari wa Tanga alivyonieleza mimi, amevuta kiti.

Nikaazima baiskeli kwa katekista nikaja huku Makere, kwa watu wa mumewe. Niliendesha kidogo, nikaikokota zaidi. Nilimkuta shangazi kwenye kibanda cha nyuma cha shemeji yake, anapepeta mahindi. Alipoona ni mimi aliacha ungo, akanishika kichwa, akasema tu, "Kumbe umepona." Hakuuliza jambo lingine. Nikamweleza yote, dawa, aibu, mganga, kikao. Nikamwomba turudi, nikamwambia nitamjengea paa mimi mwenyewe.

Akakataa. Aliniambia kwa upole kwamba paa linajengeka, lakini hawezi tena kupika mahali ambapo kila atakayepewa sahani ataiangalia kwanza kabla ya kula.

Basi nikasema kama yeye harudi, na mimi sirudi. Sikuwa nimepanga. Neno lilitoka mdomoni, na likishatoka nikaona ndilo. Safari ya Poland ilikuwa imeshanipita. Niliandika chuoni, nikajibiwa kwamba ufadhili umekatwa kwa asiyerudi kwa wakati, nafasi yangu amepewa mwingine. Nilikaa wiki nzima sitaki kuona mtu. Kisha nikaenda kuuliza kazi ya ualimu, maana shule ya hapa ilikuwa inatafuta mtu wa hesabu. Nikafyatua matofali, nikajenga vyumba viwili, kimoja cha shangazi na kimoja changu. Wapo waliosikia habari za Heru Juu na mwanzoni hawakutaka kupita uani kwetu. Shangazi alilima, akauza maharage, akasalimia kila mtu. Mimi nilifundisha watoto wao. Ilichukua muda mrefu, ila tulikaa hapo hapo mpaka wakazoea. Mama yako alikuwa wa kwanza kuja kula kwetu bila kualikwa, na hilo ndilo lililonifanya nimwangalie mara mbili. Mwulize, atakataa.

Ulipozaliwa wewe, mama yangu alisikia. Siku moja akashuka kwenye lori hapo barabarani, peke yake, na kikapu cha ndizi. Miaka yote ile alikuwa hajakanyaga hapa. Nilikuwa uani nimekupakata. Alikuchukua, akakutazama, akakaa nawe kwenye mkeka. Shangazi alikuwa jikoni. Alimwona, akaendelea kupika. Akapakua, akaleta sahani, akaiweka mbele ya mama yangu. Mama hakusubiri tunawe sote. Alinawa yeye, akala wa kwanza, akala akamaliza, akainua sahani akasema, "Niongezee, wifi." Shangazi akaenda jikoni kumwongezea, akakaa huko kitambo kabla ya kutoka. Hakuna aliyesema zaidi ya hapo, wala siku ile wala baadaye. Mama aliendelea kuja mpaka alipofariki. Baba mkubwa Yusto hakuja. Alikufa hatujapatana, na sehemu ya lawama ni yangu.

Leo mchana, wakati unaaga kanisani, bibi Leokadia alikuwa anamenya karanga zako za njiani. Nikamwambia nataka nikusimulie habari hii, nikamwomba ruhusa maana ni yake kuliko yangu. Akasema, "Mwambie. Lakini usimwambie ili anihurumie. Mwambie ili ameze dawa."

Kwa hiyo nakwambia ili umeze dawa.

Majina ya dawa usiniulize. Zile za wakati wangu zilituwasha mwili mzima na siku hizi hazitumiki tena. Kabla hujaja, nenda kliniki ya huko mapema, waambie unakokwenda, watakupa inayofaa, na umeze kwa namna watakavyokuelekeza, kabla, ukiwa hapa, na baada ya kurudi. Chandarua kitakuwa kimeshatundikwa kwenye kitanda chako. Ukirudi China na homa ikakushika, hata baada ya wiki kadhaa, usikubali kupewa dawa ya mafua ukalala. Waambie umetoka wapi, ung'ang'anie wapime damu, kwa sababu wao hawaoni malaria kila siku na hawatalikumbuka neno hilo kama hukuwatajia.

Nakuomba uukubali ugeni huu mmoja. Katika mambo mengine yote utabaki wa hapa. Utasalimia kwa Kiha, utapiga magoti kwa bibi, utateka maji, utagombana na kaka yako. Lakini damu yako itakuwa imekaa kwingine, na damu haijui cheti cha kuzaliwa. Mimi nilitaka mama yangu aone kwamba sijabadilika, na ili aone hivyo nikajidanganya kwamba kweli sijabadilika. Utakuwa unanipenda hata ukija umebadilika, nami nitakupenda hivyo hivyo, sina haja ya kuthibitishiwa kwa ugonjwa.

Na ukiugua, ukiwa kwetu au popote penye watu wetu, sema wewe mwenyewe na mapema kinachokuumiza. Sema ukiwa bado una sauti. Usiwaachie watu nafasi ya kukaa pembeni ya kitanda chako wakianza kutafuta jina la mtu.

Utachekwa. Watakuja ndugu wa Heru Juu, watakuja majirani, na lazima mmoja atakuuliza kama umekuwa Mchina. Wala usiende kumezea chooni kwa kujificha. Utaitoa dawa hapo hapo mezani, sebule ikiwa imejaa, bibi amekaa kwenye kiti chake. Mtu akicheka, mwachie mimi. Nitavuta kiti nimweleze, polepole, bila tusi hata moja, na asipoelewa nitamweleza tena kesho yake, maana sasa nina muda wa kutosha na hasira zimepungua.

Wewe meza, kisha tule.

Baba yako